Taarifa kwa Vyombo vya Habari

Nianze na upepo, maana ndio uliofika uwanjani kwanza.
Ulifuta chaki ya eneo la hatari, upande wa reli,
kabla wasichana hawajapasha misuli,
na Malogo, mtunza uwanja, akarudi na ndoo ya majivu
kuichora upya, kainama
kama mtu anayepanda uwele.

Mimi ndiye afisa habari wa michezo wa chuo hiki cha Kigwe.
Mpiga picha ni mimi. Takwimu ni mimi.
Mwenye spika wakati wa mapumziko, anayeomba
pikipiki nyekundu isogezwe mlangoni pa zahanati, ni mimi.
Nina daftari la kaunta, simu yenye ufa,
na kitambulisho nilichokichapisha mwenyewe
Dodoma mjini, Barabara ya Saba,
picha yangu imevutwa kidogo, nimekuwa na uso mpana.

Mkuu wa chuo alinipigia asubuhi:
"Andika kwa namna ya kujenga taswira."
Nimeijenga miaka minne.
Tulipofungwa tano na Mpwapwa niliandika
*timu ilionyesha upinzani mkali.*
Tuliposhindwa kwenda Singida niliandika
*safari imeahirishwa kwa sababu za kiufundi.*
Ufundi wenyewe ulikuwa dizeli.

Leo kalamu imegoma.

Dakika ya themanini na moja, bila kwa bila,
kijana mchunga ng'ombe, nyuma ya goli letu,
akatia vidole viwili mdomoni
akamwita dume lake kwa mluzi.
Mabeki wetu watatu wakasimama, mikono kiunoni.
Walidhani ni refa. Walidhani ni kuotea.
Mshambuliaji wa Kondoa hakudhani kitu.

Sechelela Ndahani peke yake ndiye aliyejua.
Akatoka langoni, akaruka, akaugusa.
Ninayo picha: ukucha, mpira,
na vumbi jembamba katikati yao.
Ukaingia.

Refa akaonyesha kati.
Ng'ombe wakaendelea na safari yao.

Mwaka jana gazeti lilitupa mistari miwili,
na jina lake likadondosha silabi njiani.
Lilitoka hapa *Ndahani*, likafika kule *Ndani*.
Kipa anayeitwa Ndani!
Chuo kilicheka muhula mzima,
kila shuti la mazoezi: "Ndani! Ndani!"
Nilikwenda kumwomba radhi mama yake,
anayeuza zabibu stesheni kwa visado.
Kumbe kile kipande alishakikata kwa wembe,
kakibandika ukutani kwa uji wa unga.
"Si wamemtaja?" akasema,
akanifungia zabibu, akakataa hela.
Nilikula njia nzima na bado nilikuwa na deni.

Basi nimeandika hivi:

*Kigwe 0, Kondoa 1.
Bao lilitokana na mluzi.
Mchunga ng'ombe hakupatikana kwa mahojiano.
Kipa wetu aliugusa mpira.
Jina lake ni Ndahani, lenye "ha" katikati,
kama mtu anapovuta pumzi.*

Mkuu akajibu upesi kuliko siku zote:
"Nzuri. Ondoa mambo ya ng'ombe."

Mtandao hapa hupatikana sehemu moja tu,
juu ya tofali la tatu nyuma ya jiko la bweni.
Nimesimama pale, mkono juu,
duara dogo linazunguka kwenye ufa,
ng'ombe wote bado wamo.

Sechelela akaja na glavu zake kwenye beseni,
maji yake mekundu kama ya kuoshea karoti za Kongwa.
Hakunisalimu.
"Umeandika kwamba niliugusa?"
"Nimeandika."
Akaikamua glavu moja, kisha ya pili,
akazitundika kwenye msumari wa mlango wa jiko,
akasogea tofalini kutazama kama imekwenda.